Ratiba ya kifahari Uswisi: usiku 8, hoteli 5, faranga 18,000. Ipasueni

#1 Bwana Ratiba
Wakuu, salaam. Wateja wawili kutoka Dar, mtu na mkewe, wanaadhimisha miaka 20 ya ndoa. Wametenga faranga 18,000 za Uswisi bila tiketi za ndege. Wanataka milima yenye theluji, treni ya vioo na hoteli za nyota tano. Hapo tu.

Ratiba: tarehe 8 Novemba wanalala Zürich, kesho yake Luzern, kisha Interlaken usiku 2 (siku moja ya kupanda treni hadi Jungfraujoch, juu mlimani), Zermatt usiku 2, halafu treni ya vioo, Glacier Express, hadi St. Moritz, usiku 2. Tarehe 16 wanarudi Zürich kuwahi ndege ya usiku.

Msimamo wangu: bajeti inatosha na inabaki. Anayebisha aje na hesabu.

#2 Reli Nyembamba
Mkuu, tusifike kwenye pesa bado. Glacier Express haitembei tarehe hizo. Kila mwaka husimama kuanzia katikati ya Oktoba hadi karibu katikati ya Desemba. Umejenga ratiba juu ya treni iliyolala karakana.

#3 Chakubimbi
Uzi umezikwa bandiko la pili tu 😂 Navuta kiti.

#4 Barafu Kavu
Treni ni sehemu ndogo ya tatizo. Novemba ni mwezi mfu wa Alps. Hoteli kubwa za St. Moritz (Badrutt's Palace, Kulm, Suvretta House) hufunga msimu wa kiangazi ukiisha, zikafungua tena Desemba. Magari ya nyaya mengi nayo husimamishwa kwa matengenezo. La mlima Titlis kwa kawaida huingia matengenezo mwezi huo huo. Kule juu theluji haijashiba, huku chini majani yamekwisha, na nyanda za Zürich na Luzern zinafunikwa na ukungu siku nzima. Unalipa hoteli ya nyota tano mjini ili uangalie ukuta mweupe.

Ila Jungfraujoch na reli ya mlima Gornergrat kule Zermatt zinafanya kazi mwaka mzima, hilo nisikuonee.

#5 Bwana Ratiba
Asanteni. Tarehe zinasogezeka. Tuseme 20 hadi 28 Desemba?

#6 Bi Mkubwa wa Hesabu
Mwanangu, kwa 18,000? Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya hoteli za daraja hilo hazikuuzii usiku 2. Nyingi hulazimisha usiku 5, 7 au zaidi, zinachukua malipo ya awali makubwa, na ukighairi karibu na tarehe hurudishiwi kitu. Hata ukiwa na pesa, ratiba ya hoteli 5 haikubaliki tu.

Sogea kwenye wiki ya pili au ya tatu ya Januari. Waswisi wenyewe wana jina la kipindi hicho, Januarloch, yaani shimo la Januari: wageni wa sikukuu wameondoka, wa likizo za shule za Februari hawajafika. Theluji ipo, treni ipo, bei inashuka.

Hesabu kwa makadirio ya juu juu: usiku 8 kwa wastani wa 1,000 ni 8,000. Chakula cha jioni 350 kwa wawili, mara 8, ni 2,800. Hapo ni 10,800. Zinabaki 7,200 za treni, milima, chakula cha mchana na zawadi. Inatosha, lakini "na inabaki" ifute.

#7 Mpwani wa Kilindini
Wote mwapiga pembeni. Tatizo si mwezi, ni hoteli 5 kwa siku 8. Chumba watoka saa 5 asubuhi, kipya wapewa saa 9 alasiri. Kila uhamapo, nusu siku imekwenda na mabegi. Ratiba hii yahama mara nne, jumla siku mbili za starehe zimeliwa na kufungasha. Huo wauita ufahari?

#8 Reli Nyembamba
Nakazia bandiko la 7, ila nusu. Mabegi yana dawa. Shirika la reli la SBB hupokea begi stesheni na kulipeleka stesheni nyingine au hadi hotelini, mwisho kilo 25 kwa begi. Huduma ya kawaida si ya siku hiyo hiyo: ukikabidhi leo, hesabu kulipata keshokutwa. Kwa hiyo begi kubwa unalirusha Zürich kwenda Zermatt moja kwa moja, katikati unatembea na begi dogo la usiku 3.

Na umbali wenyewe si wa kutisha: Zürich hadi Luzern ni kama dakika 50, Luzern hadi Interlaken kama saa 2, Interlaken hadi Zermatt saa 2 na ushee ukibadilisha Spiez na Visp. Mrefu kweli ni Zermatt hadi St. Moritz, kama saa 8.

#9 Mzee wa Injini
Vijana mnateseka na treni za nini? Mtu wa kifahari anapokewa na gari uwanjani, dereva wa suti, hadi mlangoni Zermatt. Ndugu zangu, pesa ipo.

#10 Barafu Kavu
Mzee wangu, shikamoo, lakini gari hilo haliingii Zermatt. Mji hauruhusu magari ya mafuta. Utashushwa Täsch, uache gari kwenye maegesho, upande treni ya dakika 12. Ndani ya mji kuna teksi ndogo za umeme, na hoteli chache hutuma farasi kupokea wageni.

Na wakitaka kuendesha wenyewe: kibandiko cha barabara kuu ni faranga 40, hakuna cha wiki moja, unalipa cha mwaka mzima. Majira ya baridi barabara za juu kama Furka na Grimsel zimefungwa, gari linapandishwa kwenye treni ya kupita handakini: Kandersteg hadi Goppenstein, au Realp hadi Oberwald. Faini ya mwendo haina mjadala. Ukizidisha sana inakuwa kesi ya jinai, na faini hupimwa kwa kipato chako.

#11 Mzee wa Injini
Marahaba. Basi helikopta.

#12 Chakubimbi
Mzee hashuki chini 😂

#13 Barafu Kavu
Helikopta zipo, Air Zermatt wana kituo pale pale. Ila mawingu yakishuka hairuki, na mteja anaishia treni ile ile ya Täsch. Hali kadhalika uwanja wa Samedan karibu na St. Moritz: uko mita 1,707, umezungukwa na milima, rubani anahitaji kibali maalumu cha kuutumia, na hali ya hewa ikichafuka ndege inaelekezwa kwingine. Ufahari wa Alps una bosi mmoja, anaitwa mawingu.

#14 Fundi Viza
Mnapanga farasi, mtu hana viza. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu Desemba 2008, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Ukisubiri hizo siku 15 umejinyonga mwenyewe, maana uamuzi wa kawaida ni siku 15 na unaweza kusogezwa hadi 45.

Panapokwama mara nyingi ni hapa. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Mkiongeza Milano usiku 2 mwishoni haibadilishi kitu, bado ni Uswisi. Mkiongeza Paris usiku 9, ombi si la Uswisi tena.

Pili, hoteli za faranga 1,000 kwa usiku na taarifa ya benki yenye mshahara wa kawaida pamoja na pesa nyingi iliyoingia wiki iliyopita haviendani. Pesa ionekane ikikaa, na chanzo kiandikwe. Tatu, weka hoteli zinazoghairika bure mpaka viza itoke. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kukimbia wiki ya Krismasi.

#15 Bwana Ratiba
Fundi, na bima? Ile ya Schengen ya euro 30,000 inatosha?

#16 Fundi Viza
Kwa viza inatosha, ndicho kiwango cha chini. Kwa mlima soma maandishi madogo. Nyingi za bei rahisi hazigusi michezo ya theluji wala kuokolewa kwa helikopta, na bili ya helikopta ni maelfu ya faranga. Namba za kuandika kwenye simu: 1414 ni Rega, waokoaji wa anga, ila mkoa wa Valais, iliko Zermatt, piga 144. Watu huchanganya: kuwa mfadhili wa Rega si bima. Wao wenyewe huamua kusamehe gharama ambayo bima haikulipa.

#17 Ngamia wa Muscat
Assalaam alaykum. Nirudi kwenye hoja ya bandiko la 7. Wageni wa Ghuba wanaoijua Uswisi hawazunguki. Wanakaa pahala pamoja, na ndiyo maana Bürgenstock, juu ya ziwa la Luzern, iko vile: ilifunguliwa upya 2017 na mmiliki wake ni Katara Hospitality ya Qatar. Una ziwa chini, spa, migahawa kadhaa, na matembezi ya ukingo wa mwamba hadi lifti ya Hammetschwand yenye kimo cha mita 152 na zaidi. Usiku 4 hapo, 4 Zermatt, basi. St. Moritz iacheni.

Kuhusu chakula: Uswisi imekataza kuchinja mnyama bila kumtia ganzi tangu 1893, hivyo nyama ya halali nyingi huagizwa kutoka nje. Hoteli kubwa hupata, lakini waambie siku kadhaa kabla, si ukishakaa mezani. Na fondue ile ya jibini si salama kwa asiyekunywa: hupikwa na mvinyo mweupe, mara nyingi na kirsch, pombe kali ya cheri, juu yake. Omba itengenezwe bila kileo. Raclette ni jibini lililoyeyushwa juu ya viazi, halina mvinyo ndani. Rösti, viazi vya kukaanga, uliza kama ina Speck, hiyo ni nguruwe.

#18 Mpwani wa Kilindini
Wa alaykum salaam shehe. Ahsante kwa kunikazia.

#19 Bi Mkubwa wa Hesabu
Shehe, St. Moritz tukiiacha basi na Glacier Express imekufa, na treni ya vioo ni sharti la mteja, soma bandiko la 1. Msipange safari ya kwenu.

#20 Reli Nyembamba
Bi Mkubwa, si lazima. GoldenPass Express, iliyoanza Desemba 2022, inatoka Montreux hadi Interlaken kupitia Gstaad, vioo hadi darini. Pale Zweisimmen treni inabadili upana wa magurudumu kutoka milimita 1,000 kwenda 1,435 abiria wakiwa ndani, kabla ya hapo ilikuwa ushuke. Daraja lake la Prestige lina viti vilivyoinuliwa, unaviona vilima juu ya vichwa vya wengine. Saa 3 na kidogo, si 8.

Ila kama ni Glacier Express, basi Excellence Class: viti 20 tu, kila kiti kiko dirishani, wawili wanatazamana, chakula cha awamu kadhaa mpaka mwisho wa safari. Nyongeza yake inavuka faranga 400 kwa mtu. Kosa la kawaida hapa: mtu ana Swiss Travel Pass, tiketi ya usafiri wa nchi nzima, ya daraja la kwanza, halafu anauziwa tena nauli ya njia nzima, zaidi ya faranga 250. Pass tayari imelipa nauli. Analipia nyongeza peke yake.

#21 Bwana Ratiba
Kwa hiyo Pass ndiyo tiketi ya kila kitu?

#22 Bi Mkubwa wa Hesabu
Hapana, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Pass inakupa treni, mabasi, meli za ziwani, makumbusho zaidi ya 500 na mlima Rigi bure. Jungfraujoch haimo: Pass inakufikisha Grindelwald au Wengen, kutoka hapo unapata punguzo la robo tu. Gornergrat unapata nusu. Ipo kadi nyingine, Half Fare Card, inayokata nusu karibu kila mahali, Jungfraujoch ikiwemo. Kwa ratiba ya kukaa sehemu 2 kama ya shehe, Half Fare hushinda. Kwa ratiba ya kuzunguka kama yako, Pass hushinda. Piga hesabu safari kwa safari kabla ya kununua.

#23 Barafu Kavu
Mnaongelea Jungfraujoch kana kwamba ni duka. Stesheni iko mita 3,454. Interlaken iko kama 570. Tangu gari la nyaya la Eiger Express lifunguliwe Desemba 2020 unafika juu chini ya saa 2. Wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kabla ya kuisogelea Horombo, 3,720. Mtu wa Dar, kutoka usawa wa bahari, unampandisha karibu usawa wa Horombo kati ya kifungua kinywa na saa 4, oksijeni imepungua karibu theluthi. Kichwa kinagonga, anapanda ngazi mbili anahema, analalamika kwamba chakula kilikuwa kibaya.

Siku ya Jungfraujoch isiwe ya kwanza. Wasinywe pombe usiku wake, wanywe maji, watembee polepole, na saa 2 kule juu zinatosha. Mwenye shinikizo la damu au moyo amuone daktari kabla. Ingekuwa mimi ningeikata kabisa, nikaweka Gornergrat, mita 3,089: reli ya meno, inapanda taratibu, na mlima Matterhorn uko mbele ya macho.

#24 Mzee wa Injini
Mimi sikubaliani. Mteja anarudi Dar anaulizwa "mlifika juu Ulaya?" anasema "tulifika katikati"?

#25 Barafu Kavu
Mzee, hiyo "Top of Europe" (juu ya Ulaya) ni jina la biashara la Jungfraujoch. Ni stesheni ya treni iliyo juu kuliko zote Ulaya, si mahali pa juu kuliko pote. Hata pale pale Zermatt gari la nyaya linafika karibu na kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883.

#26 Reli Nyembamba
Nyongeza: gari la nyaya likipigwa na upepo linasimama, hasa ule wa kusini unaoitwa Föhn. Klein Matterhorn hufungwa kwa upepo kirahisi kuliko treni ya Gornergrat. Ndiyo maana usiku 2 Zermatt ni kamari. Unafika mchana wa siku ya kwanza, una asubuhi moja tu ya kweli. Ikiwa na mawingu, umeikosa Matterhorn na faranga zako.

Tiketi ya mlima inanunuliwa asubuhi ile ile, baada ya kuangalia kamera za mlima zilizo mtandaoni. Ukungu wa chini usikutishe. Januari mara nyingi ukungu unaishia kama mita 1,000 hivi, juu yake jua kali.

#27 Chakubimbi
Kwa hiyo kosa ni mwezi, au hoteli 5, au mwinuko, au mawingu? Mleta uzi aandike kipi kwenye ripoti? 😂

#28 Mpwani wa Kilindini
Hoteli 5. Ukikaa usiku 4, mawingu hayana nguvu nawe.

#29 Barafu Kavu
Mwezi. Januari na hoteli 5 bado ni bora kuliko Novemba na hoteli 2.

#30 Bwana Ratiba
Nimerekebisha. Januari 14 hadi 22: Luzern 1, Zermatt 4, Glacier Express Excellence, St. Moritz 2, Zürich 1. Jungfraujoch nimeifuta, Gornergrat imeingia. Mzee wa Injini atanisamehe.

#31 Bi Mkubwa wa Hesabu
Sasa tunaongea. Vitu vidogo vya kuwaambia wateja: hoteli hutoza kodi ya mgeni kwa kila mtu kila usiku, ni faranga chache lakini mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni. Huduma imo kwenye bili, bakshishi ni hiari, wanazungusha kiasi tu. Mashine ya kadi ikiuliza walipe kwa dola au faranga, wachague faranga. Saa na vito: VAT ni asilimia 8.1, inarudishwa kwa manunuzi ya zaidi ya faranga 300 duka moja, fomu igongwe muhuri na forodha kabla ya kukabidhi begi uwanjani. Wengi hukabidhi begi kwanza, forodha inaomba kuona saa, saa imo kwenye begi.

#32 Ngamia wa Muscat
Na plagi. Ya Uswisi ina miguu mitatu ya duara, si ya pembe kama zetu za Afrika Mashariki na Oman. Hata adapta nene ya Ulaya ya duara haiingii kwenye tundu lao lenye umbo la almasi, nyembamba ya miguu miwili ndiyo huingia. Mapokezi huazima, lakini ziko chache.

#33 Mama Koti
Mbona hakuna aliyesema mavazi? St. Moritz jioni hoteli kongwe huomba mwanamume avae koti, kwingine na tai. Mchana ni viatu vyenye soli yenye meno, barabara za Zermatt Januari zinageuka kioo. Dukani kuna miiba ya mpira ya kuvalisha kiatu, inunuliwe siku ya kwanza. Nguo nzito za theluji wakodishe huko huko, wasijaze kilo za ndege.

#34 Bwana Ratiba
Mama Koti, asante sana. La mwisho: Glacier Express kutoka Zermatt, wakae upande gani wapate daraja la Landwasser?

#35 Mzee wa Injini
Kulia. Kila mtu anajua.

#36 Mpwani wa Kilindini
Kulia, naam.

#37 Reli Nyembamba
Kulia baada ya stesheni ya Chur. Treni inaingia Chur na kutoka kwa njia ile ile, inageuka, aliyekuwa kulia anajikuta kushoto. Kwa hiyo anayetoka Zermatt akitaka Landwasser akae kushoto. Daraja lina mita 65 kwenda chini na linapinda kuingia handakini, linapita ndani ya sekunde chache, simu iwe tayari.

#38 Mzee wa Injini
Sasa na korongo la Rhine kabla ya Chur litakuwa upande gani?

#39 Chakubimbi
Mzee, nunua viti vinne 😂

#40 Reli Nyembamba
Anayejali picha asipande ile ya vioo kabisa. Vioo havifunguki na vinaakisi taa. Njia hiyo hiyo ina treni za kawaida kila saa, Pass inazikubali, kiti hakihitaji kuwekwa, na baadhi ya mabehewa yana dirisha la kushusha. Unabadilisha mara kadhaa, kwa mfano Andermatt na Disentis, ukitaka unashuka ule chakula cha mchana, unaendelea na inayofuata.

#41 Bi Mkubwa wa Hesabu
Na akikaa treni ya kawaida, zile 800 na ushee za Excellence za watu wawili zinarudi mfukoni. Bwana Ratiba, waulize wateja kwanza kama walitaka chakula au picha.